Mwongozo kamili wa kutengeneza jahazi la chakula cha jioni

Mtu akipata wazo la kuweka jahazi la chakula cha jioni, kitu cha kwanza kuchora ni meza. Baada ya meza huja mito, taa, baa, na mwisho sitaha ya ghorofa ya juu ili wageni wapige picha za machweo. Mchoro unapendeza, lakini ukiutazama vizuri utaona kwamba karibu kila kilichoongezwa kimewekwa juu. Bahari haijali upambaji. Inajali uzito uko wapi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, unakwenda kwenye chombo na hesabu, na meza zinangoja zamu yao.

Mfano nitakaoutumia ni jahazi la mbao la mita 20 kwa urefu na mita 5.5 kwa upana, lenye injini ya dizeli, linalobeba wageni 40 na wafanyakazi 10. Ni ukubwa unaofaa kwa hori (mkono wa bahari uingiao nchi kavu) la Tudor pale Mombasa au kwa mzunguko wa mbele ya Mji Mkongwe, Unguja.

Maji kwanza

Kabla ya kununua hata msumari, amua utapita wapi na katika msimu gani. Upepo wa kusi ukishika, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari ya wazi upande wa mashariki haifai kwa mtu aliyeshika bilauri. Mji Mkongwe uko magharibi ya kisiwa, kwa hiyo kusi huzuiliwa na nchi kavu. Hori la Tudor limejikinga mwaka mzima, na mgeni anapata Mji wa Kale na Fort Jesus vikiwa vimewashwa taa. Kwa maoni yangu, jahazi la chakula lenye akili haliendi mbali. Fundo nne, yaani maili nne za bahari kwa saa, zinatosha, na mara nyingi kutia nanga mahali patulivu wakati wa kula kunamridhisha mgeni kuliko kuzunguka saa mbili.

Maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) katika pwani yetu hupanda na kushuka kati ya mita tatu na nne. Hilo lina maana mbili. Kwanza, gati lililo sawa na sitaha saa kumi jioni litakuwa juu ya vichwa vya wageni wanaporudi saa tatu usiku. Tafuta gati linaloelea, au panga ngazi ya kupandia inayoweza kushushwa na kuinuliwa, yenye mikono pande zote mbili. Fikiria mama aliyevaa buibui na viatu vya kisigino akishuka gizani; ngazi ikimfaa yeye, itamfaa kila mtu. Pili, kama njia yako inapita chini ya daraja, pima nafasi ya mlingoti wakati maji yamejaa bamvua. Kipimo cha maji mafu, yale madogo, kitakudanganya.

Jua nalo lina ratiba yake. Kwetu hutua kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na giza huingia upesi. Jahazi liwe limeondoka gatini angalau nusu saa kabla ya machweo.

Kuchagua chombo

Una njia mbili: kujenga jipya, au kugeuza jahazi lililokuwa likibeba mizigo. Mafundi wapo: Matondoni kule Lamu, Nungwi Unguja, na sehemu nyingine za mwambao. Chombo kipya kina faida moja kubwa, nayo ni kwamba unaweza kumwambia fundi tangu mwanzo kwamba hiki ni cha watu. Atakipa upana zaidi na kukata nafasi ya injini mahali panapofaa.

Jahazi la zamani ni rahisi kupata, ila lilichorwa kwa kazi nyingine. Lilibeba boriti, saruji au chumvi chini kabisa, na uzito huo ndio uliolituliza. Ukiondoa shehena tumboni ukaweka watu juu ya sitaha, umegeuza chombo kichwa chini kihesabu hata kabla hujaongeza kiti kimoja. Itabidi urudishe farumi, yaani uzito wa chini wa kutuliza chombo. Usitumie mawe ovyo wala mchanga uliolegea. Vipande vya chuma au zege vilivyofungwa imara pembeni mwa mkuku (uti wa mgongo wa chombo) havitahama chombo kikilala.

Ukaguzi wa chombo kikuukuu ufanyike kikiwa kimepandishwa pwani. Chomeka ncha ya kisu kwenye mkuku na kwenye mbao za chini ya maji: kikizama bila kupingwa, mbao imeoza au imetobolewa na wadudu wa baharini. Tazama vichwa vya misumari. Kutu inayotiririka inaonyesha kwamba taruma (ubavu wa mbao) halishikiki tena. Angalia kalafati (pamba ya kuziba) katika kila mshono. Ingia ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, na taa, unuse. Harufu ya maji ya chumvi ni ya kawaida. Ngama iliyojaa dizeli na uchafu inakueleza jinsi mwenyewe alivyokitunza, na hapo ni bora uage.

Ukikinunua, agiza viambaza (kuta za ndani) visivyopitisha maji angalau viwili, kimoja kikitenga chumba cha injini. Jahazi la kale halina viambaza, na tundu moja hujaza chombo kizima.

Hesabu ambayo haikwepeki

Tarehe 30 Machi 2006 jahazi la Al-Dana, lililogeuzwa kuwa chombo cha matembezi na karamu, lilipinduka karibu na Manama, Bahrain. Lilikuwa na sitaha mbili na karamu ilikuwa ikiendelea. Walikufa zaidi ya watu 50. Hapa nyumbani tunaikumbuka MV Nyerere, kivuko cha Ziwa Victoria, iliyojaa kupita kiasi ilipopinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Visa vyote viwili vilitokea karibu na nchi kavu. Wengi hudhani ukaribu wa pwani ni kinga.

Utulivu wa chombo hupimwa kwa umbali kati ya kitovu cha uzito na nukta iliyo juu yake iitwayo metasenta, ambayo chombo huyumba kana kwamba kinaning'inia hapo. Kadiri kitovu cha uzito kinavyopanda, umbali huo unapungua. Ukifika sifuri, chombo hakina tena nguvu ya kujirudisha wima. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zinataka umbali huo usipungue mita 0.15, na zinataka pia chombo cha abiria kisilale zaidi ya nyuzi 10 abiria wakijazana upande mmoja. Mtu mmoja huhesabiwa kilo 75.

Sasa chukua jahazi letu, lenye tani 45 likiwa na kila kitu na kila mtu. Pomboo wanatokea upande wa kulia. Wageni wote 40 wanasimama na simu zao na kusogea mita mbili. Hizo ni tani 3 zilizosogea mita 2, yaani tani-mita 6. Gawanya kwa 45 mara umbali wa metasenta, upate tanjiti ya pembe ya kulala. Kama umbali ni ule wa chini kabisa, mita 0.15, jibu ni nyuzi zaidi ya 40: maji yameshaingia sitahani. Ukitaka usivuke nyuzi 10, unahitaji karibu mita 0.76. Kiwango cha chini cha kanuni moja, basi, hakikuokoi na cha kanuni ya pili. Timiza vyote.

Halafu mwenye chombo anasema, tuweke ghorofa. Ukipandisha wageni 20 pamoja na baa, viti na spika, vyote kwa jumla tani 2.5, kwa mita 2.4, kitovu cha uzito kinapanda sentimita 13. Hapo bado hujahesabu uzito wa sitaha yenyewe, nguzo zake na paa. Nimewasikia wengi wakitaja majahazi ya chakula ya Dubai Creek yenye ghorofa mbili, chini vioo na kiyoyozi, juu wazi. Kila chombo kina hesabu yake, na ya Dubai haibebi cha Mombasa. Kwa jahazi la upana wa mita 5.5, jibu langu kuhusu ghorofa ni hapana. Tandaza chandalua (turubai la kivuli) chepesi, inua kidogo sehemu ya tezi, nyuma ya chombo, iwe kama jukwaa, basi.

Andika daftari la uzito: kila meza, kila friji, kila kreti ya soda, na kimo chake kutoka mkuku. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni tani nzima. Liweke chini, katikati, na uligawe ndani kwa viambaza. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa kabisa, kwa sababu maji hukimbilia upande ambao chombo kimelala na kukisukuma zaidi.

Kazi ikikamilika, mhandisi wa vyombo afanye jaribio la kuinamisha. Chagua asubuhi isiyo na upepo, legeza kamba za gatini, kausha ngama. Uzito unaojulikana, tuseme kilo 500, unasogezwa mita 3 kwenda upande mmoja, na timazi ya mita 2.5 iliyoning'inizwa ndani inaonyesha chombo kimelala kiasi gani. Kwa chombo kitupu cha tani 40, timazi ikisogea sentimita 10 na nusu hivi, umbali wa metasenta ni karibu mita 0.9. Huo ni wa chombo kitupu. Mhandisi ataendelea kuhesabu hali ya watu wakiwa ndani.

Sitaha, meza na ukingo

Reli ya ukingoni iwe na urefu wa mita 1 kutoka sitahani, na nafasi iliyo chini kabisa ya reli isizidi milimita 230. Wengine hupunguza reli ili mgeni aliyeketi aone maji vizuri. Usifanye hivyo. Weka nyaya nyembamba za chuma cha pua badala ya mbao, naye ataona.

Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za meza. Njia ya wahudumu iwe sentimita 90, na ipite katikati. Mpangilio unaofaa zaidi katika chombo chembamba ni mabenchi marefu pembeni, meza mbele yake, na viti vyepesi upande wa ndani. Mabenchi yafungwe sitahani kwa bolti, na chini yake ndimo jaketi okozi zinamokaa, mlango ukifunguka bila ufunguo. Kufunga samani kuna faida nyingine ambayo wapambaji hawaipendi: huwezi kuongeza meza ya mwisho kwa sababu meneja amepokea simu ya watu sita zaidi.

Meza ziwe na ukingo mdogo wa kuzuia vyombo kuteleza. Vitambaa vibanwe, maana upepo wa jioni hauna adabu. Bilauri fupi zenye tako pana hushinda zile za shingo ndefu. Mito ivishwe kitambaa cha nje kisichofyonza maji, na sponji iwe ya aina isiyoshika moto kirahisi.

Nakshi za Lamu kwenye viti na kwenye mbao za tezi zina haki ya kuwapo. Ndizo zinazompa mgeni hisia ya mahali alipo. Makuti hapana. Paa la makuti juu ya chombo chenye jiko na injini ni kuni zilizokwisha kauka. Kandili nazo ziwe za betri.

Jiko

Hapa ndipo faida inapotoka, na moto pia.

Anza kwa kugawa kazi. Biriani, mchuzi wa nazi, sambusa na viazi vipikwe nchi kavu, vipakiwe kwenye makasha yanayohifadhi joto. Chombo kibaki na kuchoma, kupasha, kukaanga kidogo, na kupanga sahani. Jiko dogo lililopangwa vizuri, mita mbili kwa tatu, linaweza kulisha 40. Chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi kisipande juu ya nyuzi 5. Mpishi awe na kipimajoto mfukoni, kidole si kipimo. Pweza na kamba walioachwa vuguvugu wamefunga biashara nyingi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nchi kavu hutoka mlangoni, ikivuja chomboni hutelemka ngamani na kulala huko ikingoja cheche ya pampu. Mitungi ikae juu ya sitaha ya wazi, imefungwa wima, yenye vali ya kuzima karibu na mpishi, na king'ora cha gesi kiwekwe chini kabisa. Ukiweza kumudu majiko ya umeme, achana na gesi kabisa.

Wageni wengi wanataka kuona samaki akichomwa. Sawa. Jiko la mkaa liwe tezi, juu ya sinia la chuma lenye mchanga, mbali na chandalua. Chombo kikitia nanga kwa kawaida huelekeza omo (mbele yake) kwenye upepo, hivyo moshi na cheche huenda nyuma baharini. Kikiwa kinatembea na upepo umetoka nyuma, moshi wote unawafuata wageni. Mpishi asiwashe mpaka nanga imeshuka. Nahodha na mpishi wapange hilo kabla, kwa sababu mara nyingi hawasemezani.

Menyu nayo ifuate chombo. Supu nyepesi haifai. Changu wa kuchoma, kamba, wali wa nazi, kachumbari na achari hukaa sahanini hata wimbi likipita. Mwisho kahawa chungu kwa kashata au halua, buli likiwa limefungwa mahali pake.

Karibu na kikaango kuwe na blanketi la moto na mtungi wa kuzimia uliotengenezwa kwa ajili ya moto wa mafuta. Maji juu ya mafuta yanayowaka hulipua. Kila mhudumu, hata wa siku moja, aoneshwe.

Jambo moja linalosahaulika na wanaochora wakiwa ofisini: machweo ni wakati wa swala ya Magharibi, na mabaharia na wahudumu wengi wa mwambao ni Waislamu. Tenga mahali safi pa kuswalia, panga zamu, na usiweke vitafunio vya kwanza dakika ile ile. Wakati wa Ramadhani, safari ya futari inaweza kujaza jahazi kuliko safari ya watalii, ila ratiba nzima ya jiko lazima isogezwe ili tende na uji viwe mezani kabla ya adhana.

Umeme, taa na sauti

Jenereta inayonguruma huharibu kila kitu ulicholipia. Tumia betri na inveta kwa taa, friji na muziki, uzichaji gatini mchana. Betri ni nzito, jambo ambalo safari hii ni zuri: ziweke chini kama sehemu ya farumi, kwenye kasha lenye hewa na lililo juu ya maji ya ngama. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, zipite ndani ya mabomba, na kila mkondo uwe na fyuzi yake.

Taa za kula ziwe za manjano hafifu, zielekezwe chini. Mahali pa nahodha pawe giza, vinginevyo hataona ngalawa isiyo na taa inayorudi kutoka kuvua. Taa za safari zina sheria zake: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, na nyeupe ya mlingotini kwa chombo kinachokwenda kwa injini. Usipambe chombo kwa taa za rangi nyekundu na kijani. Sheria za kuzuia migongano zinakataza taa zinazoweza kuchanganywa na hizo.

Kama unaleta kikundi cha taarabu, wape nafasi ya sitaha karibu na kiini cha chombo, ambapo mtikisiko ni mdogo. Udi na kanuni, ala zake za nyuzi, havihitaji spika kubwa juu ya maji, kwani sauti husafiri vizuri.

Choo na taka

Vyoo viwili kwa watu 50, chenye mlango mpana kimoja. Kila kitu kiingie kwenye tangi la kuhifadhia na kunyonywa gatini. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari, unataka maji machafu yasiyosafishwa yamwagwe zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu, na hata kama chombo cha ndani kama hiki hakibanwi nao, hori si mahali pa kumwaga kitu. Watu wanaoga na kuvua humo. Tangi hilo nalo ni uzito. Liingize daftarini likiwa limejaa.

Mirija na vikombe vya plastiki visipande. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na plastiki za matumizi ya mara moja katika maeneo ya hifadhi mwaka 2020. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko mwaka 2019.

Vibali na vifaa vya kuokoa

Nenda kwa mamlaka kabla ya ubao wa kwanza: Kenya Maritime Authority kwa Kenya, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Mkaguzi akiona michoro mapema atakuokolea pesa. Akiona chombo kilichokwisha jengwa, atakuambia ubomoe.

Jaketi okozi ziwe za kila aliyemo pamoja na za ziada, na za watoto zitengwe. Ongeza maboya ya duara yenye taa, maboya makubwa ya kushikwa na kundi zima, redio ya VHF, fataki za dharura, pampu mbili za ngama zenye vyanzo tofauti vya nguvu, na king'ora cha maji yakipanda ngamani. Dafrau (mito ya kukinga ubavu) za kutosha gatini. Dakika mbili za maelezo kabla ya kung'oa nanga, kwa Kiswahili na Kiingereza, mhudumu akivaa jaketi mbele ya watu.

Kujaribu kabla ya kuuza tiketi

Jaza mifuko 60 ya mchanga ya kilo 50, uzito wa wageni 40, na uipange vitini. Mfuko kitini uko chini kuliko mtu aliyesimama, kwa hiyo jaribio hili linathibitisha hesabu za mhandisi, halichukui nafasi yake. Piga alama ya maji ubavuni kwa rangi. Hamisha mifuko polepole upande mmoja, upime pembe kila hatua, na usimame ukifika nyuzi 10. Zungusha usukani hadi mwisho kwa mwendo wa kawaida. Acha injini, betri na inveta vifanye kazi kwa muda wa saa tatu, kisha ushike kila waya na kila kiambaza kuona pamechemka wapi.

Baadaye fanya safari ya kweli na familia za wafanyakazi, chakula kamili, malipo bure. Watakuambia ukweli kuhusu wali. Angalia mhudumu anagongana na nani, sahani ya mwisho inafika baada ya dakika ngapi, na watoto wanakimbilia wapi; hapo ndipo pa kuweka reli ya ziada.

Idadi ya juu ya watu iandikwe mahali panapoonekana na kila anayepanda. Nahodha awe na ruhusa ya maandishi ya kukataa kuondoka, iwe kwa upepo au kwa mgeni wa 41, na meneja asimguse mshahara wake kwa hilo. Orodha ya majina iandikwe nakala mbili kila jioni: moja iende na jahazi, ya pili ibaki gatini kwa mtu anayekesha mpaka kamba zimefungwa na wote wamehesabiwa wakishuka.